Masizi Puani: Kuhusu Sanaa ya Kuchakaza Ndege za Plastiki

Kuna sanaa ambayo nusu ya kwanza ya kazi yake ni kuunda kitu kisafi kabisa, na nusu ya pili ni kukichafua. Mtu anakaa wiki sita akigandisha vipande vya plastiki vya ndege ya kivita. Anaziba kila ufa, anasugua kwa msasa mpaka huwezi kujua vipande viliungana wapi, anapuliza rangi nyembamba kama pumzi. Halafu, ndege ikiwa inang'aa kama imetoka kiwandani leo asubuhi, anachukua brashi na kuanza kuiwekea mafuta yaliyovuja, alama za viatu, rangi iliyopauka na masizi. Mimi huiita kazi hii kuchakaza, kwa sababu Kiswahili tayari kina kitenzi chake. Kuchakaa ni kile ambacho muda hukifanyia kitu. Kuchakaza ni mtu kuufanyia muda kazi yake.

Nimekuwa nikifanya jambo hili kwa miaka kadhaa, kwenye meza ileile ninayolia ugali, na nimeangalia modeli za watu wengi, za kwenye simu na za kushika mkononi. Nataka tuiongelee sanaa hii jinsi tunavyoongelea riwaya ama filamu: inafanya nini, inafaulu wapi, na inatuficha nini. Maoni yangu kwa ufupi ni haya. Uchakazaji ni uandishi. Kila doa ni sentensi, na doa zuri lina sababu. Lakini ni uandishi wenye mhusika mmoja tu, ndege yenyewe, na kuna mahali hadithi hukatika ghafla kabla jambo lenyewe halijasemwa. Mahali hapo ni kwenye midomo ya mizinga.

*

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mapema mwaka 1942, Marekani ikiwa ndiyo imeingia vitani, jeshi lake la majini liliomba wanafunzi wa shule watengeneze modeli 500,000 za ndege kwa kipimo cha 1/72, ili wanajeshi wajifunze kutambua ndege za adui na za wenzao angani. Modeli hizo zilipakwa rangi nyeusi. Hakuna doa, hakuna mkwaruzo. Kilichotakiwa ni umbo, kile kivuli kinachopita juu yako kwa sekunde mbili ukiwa na kidole kwenye kifyatulio. Kazi ya modeli ilikuwa kumsaidia mtu asiue mtu asiyefaa. Hobi yetu imekulia karibu sana na jambo hilo, na kipimo cha 1/72 bado tunacho.

Mwaka 1953 kampuni ya Airfix ya Uingereza ikatoa Spitfire yake ya kwanza ya plastiki kwa kipimo hichohicho, na watoto wakaanza kuunda vita vya baba zao kwenye meza za jikoni. Kwa muda mrefu ndege hizo zilikuwa safi tu, kama picha ya juu ya boksi. Uchafu ulikuja polepole, na ulikuja pamoja na watu. Miaka ya 1970 Mmarekani Sheperd Paine alitengeneza mandhari ndogo ambazo picha zake ziliwekwa kwenye vikaratasi ndani ya maboksi ya Monogram. Ghafla mtoto aliyenunua ndege akaona kwamba ndege hiyo inaweza pia kuwa imeanguka, imetobolewa, imezungukwa na mafundi waliochoka. Mbelgiji François Verlinden akaja na maji ya rangi nyeusi kwenye mifereji na brashi kavu kwenye kingo, na dunia nzima ikamwiga. Kisha wakaja Wahispania, Mig Jiménez akiwa maarufu kati yao, wakaugeuza uchafu kuwa taaluma na biashara. Leo unanunua chupa yenye jina la doa lenyewe: masizi, matope, mafuta ya injini. Unachovya, unapaka, umemaliza.

Kwa hivyo katika miaka themanini modeli imetoka kwenye umbo ikaenda kwenye muda. Zamani swali lilikuwa: hii ni ndege gani? Siku hizi swali ni: hii ndege imepitia nini? Hilo swali la pili ni la kifasihi, na ndiyo maana naona wasomaji wa hadithi wana haki ya kuingilia.

*

Wacha nieleze kazi inavyoenda, kwa sababu usione vyaelea, vimeundwa.

Unaanza na chumba cha rubani, kwa kuwa ukishafunga mwili wa ndege hutakirudia tena. Unaunganisha nusu mbili za mwili, unajaza ufa, unapiga msasa, unapuliza praima, na praima inakuonyesha kila ulichokosea. Rangi ya msingi inafuata. Hapo ndipo wachakazaji wazuri huanza uongo wao: rangi moja haibaki moja. Jua halipauki ndege sawasawa. Mgongo hupauka kuliko tumbo, na kibao kilichobadilishwa na fundi mwezi jana huwa na rangi mbichi kuliko jirani yake. Kwa hivyo unaichanganya rangi ileile na nyeupe kidogo, unapuliza hapa, unaruka pale. Wengine hulowesha plastiki, wakanyunyiza chumvi ya kawaida ya jikoni, wakapuliza rangi juu, kisha wakaisugua chumvi itoke. Inabaki rangi yenye mabaka yasiyo na mpangilio, kama ukuta wa ploti uliopigwa na mvua za misimu mitatu.

Baadaye vanishi ya kung'aa, stika za kuloweka majini, halafu yale maji ya rangi: rangi ya mafuta iliyoyeyushwa kwa tapentaini, inayokimbia yenyewe kwenye mifereji midogo ya maungio. Ukitaka rangi iliyobabuka, kuna ujanja wa dawa ya nywele ya kupuliza. Unaipiga kati ya rangi ya chini na ya juu, kisha unalowesha kwa maji na kukwangua kwa brashi, na rangi ya juu inatoka vipande vipande. Mwisho kabisa unakuja ule unga mkavu wa rangi, wa vumbi na masizi, ambao ukiupiga chafya mbele yake umeharibu kazi ya wiki.

Yote hayo ni sarufi. Mwenye sarufi si lazima awe na la kusema.

*

Mfano wa mtu mwenye la kusema ni yule anayeunda F-14 Tomcat ya jeshi la majini la Marekani jinsi zilivyokuwa kweli baharini. Tamiya ya Japani ilitoa F-14A mpya ya 1/48 mwaka 2016, boksi linalojengeka vizuri mno hadi watu husema linajijenga lenyewe, na tangu hapo nimeona Tomcat nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ndege hii ilikaa kwenye sitaha ya manowari, katikati ya chumvi, kwa miezi. Alumini haishiki kutu nyekundu kama mabati ya kibanda. Inaliwa kwa unga mweupe kimyakimya chini ya rangi. Kwa hivyo mabaharia walipita kila mara na makopo yao wakipiga viraka vya rangi mpya juu ya kila sehemu iliyoanza kuliwa. Rangi mpya haikufanana na ya zamani, na mafundi walitembea juu ya hiyo rangi isiyong'aa na viatu vyenye grisi. Mwisho wa safari Tomcat ilikuwa na mabaka kama chui mgonjwa.

Mchakazaji mzuri anapochora viraka hivyo, kwa kweli anachora watu. Kila kiraka ni kijana wa miaka ishirini aliyepiga magoti kwenye chuma cha moto na kopo la rangi. Alama za viatu kwenye bawa zinakuonyesha fundi hupandia wapi. Doa la mafuta ya haidroli likiwa limeburutwa kwenda nyuma, lilivuja ndege ikiwa angani. Likiwa limeshuka moja kwa moja, lilivuja ndege ikiwa imeegeshwa na mtu alikuwa amekwenda kula. Hapo ndipo sanaa hii hunishika roho. Sinema za vita hutupa rubani mwenye miwani myeusi. Uchakazaji unatupa fundi asiye na jina, na unatupa kwa ushahidi.

Sasa linganisha na kazi mbovu, ambayo ndiyo iliyojaa. Kila mfereji umejazwa rangi nyeusi kwa kipimo kimoja, ndege inafanana na daftari la hisabati. Kuna kutu ya rangi ya matofali kwenye bawa la alumini. Kuna mikwaruzo ya fedha kila ukingo. Na hebu tupige hesabu: kwenye kipimo cha 1/48, mkwaruzo wa milimita moja ni karibu sentimita tano kwenye ndege halisi. Msee amechora mikwaruzo thelathini ya aina hiyo kwenye mlango mmoja. Ndege gani hiyo inapigwa kwa jembe? Ukimuuliza kwa nini, atakuambia inapendeza. Ni sawa na mwandishi anayemwua mhusika kwenye ukurasa wa mwisho kwa sababu wasomaji wanapenda kulia. Doa lisilo na sababu ni machozi ya bure.

*

Lazima niseme pia mahali ninaposimama, kwa sababu Nairobi hubadilisha jinsi unavyotazama uchakavu.

Mji huu unaishi kwa kazi ya kinyume. Ukipita Kirinyaga Road utaona biashara nzima ya kufanya kitu kikuukuu kionekane kipya. Gari linaingia gereji likiwa limepondwa, linatoka limenyooshwa na kupigwa rangi, na mwenyewe anaapa halijawahi kuguswa. Shati la mtumba linapigwa pasi hadi linasahau lilikotoka. Matatu mpya ikiingia barabarani inang'aa kiasi kwamba makanga anawafokea watu wasiguse michoro. Sisi hatuuonei uchakavu fahari. Tunaupaka rangi. Mwenye viatu vilivyoraruka kwa sababu hana vingine hawezi kuelewa kwa nini mtu analipia jinzi iliyoraruliwa kiwandani, na anayeelewa ni kwa sababu nyumbani ana jinzi nyingine nzima.

Kwa hivyo nikisema uchakazaji ni sanaa, siukubali ule utamu wake wote bila maswali. Kupenda uchafu wa kuchora ni anasa ya mtu ambaye kitu chake ni kipya. Plastiki hii haijawahi kuruka. Haijawahi kukaa juani hata siku moja. Imetoka kwenye boksi, ndani ya begi la rafiki aliyekuwa anarudi kutoka ng'ambo, na mimi ndiye ninayeipa miaka ishirini ya taabu kwa jioni chache. Taabu hiyo ya kuazima ninaitoa wapi? Ninaitoa kwenye picha. Na picha nyingi za ndege za kivita zimepigwa na majeshi yenyewe, ama na watu walioalikwa kwenye maonyesho ya ndege. Uchafu tunaouiga kwa uangalifu mkubwa ni ule tulioruhusiwa kuuona.

*

Ndege iliyo mezani kwangu sasa ni F-5E Tiger II ya 1/48, boksi la AFV Club kutoka Taiwan. Taiwan yenyewe iliunda mamia ya F-5 kwa leseni ya Northrop, na unahisi kwenye vipande kwamba aliyevichora alikuwa anamwongelea mtu wa nyumbani. Ikikamilika ina urefu wa sentimita 30, rula ya shule kamili. Ndege halisi ina mita 14 na nusu hivi, injini mbili ndogo za J85, na mizinga miwili ya milimita 20 iliyolazwa puani, mbele ya rubani.

Kwa Mkenya, F-5 si ndege ya watu wengine. Jeshi letu la anga limekuwa nazo tangu 1978, na makao yake ni Nanyuki. Ukiwa na umri wowote umeziona: sikukuu ya taifa, hotuba imesimama, watoto wameziba masikio, vivuli vitatu vinapita juu ya uwanja na kila mtu anashangilia jambo ambalo tayari limekwisha. Tunaona tumbo la ndege kwa sekunde chache tu, kama wale wanafunzi wa 1942 na modeli zao nyeusi. Kuikaribia uone doa la mafuta ni kesi nyingine. Kwenda na kamera kwenye ukuta wa kambi ya jeshi ni kujitafutia maelezo ya kuandika polisi.

Na bado ndege hizi zimebeba historia yetu nyingi. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali, marubani wa F-5 walilazimishwa kwa mtutu kuruka na mabomu kuja Nairobi. Inavyosimuliwa, waliyadondosha msituni karibu na Mlima Kenya wakarudi chini. Fikiria jinsi mji huu ungekuwa leo kama wangefanya walivyoamrishwa. Baada ya hapo jeshi la anga lilivunjwa, na kwa miaka mingi halikuitwa hata kwa jina lake la zamani. Miaka ya 2000 serikali ikanunua F-5 nyingine zilizotumika, kutoka Jordan, na Wakenya wakabishana sana kuhusu ndege za mtumba. Oktoba 2011 Kenya ikaingia Somalia kwa Operesheni Linda Nchi, na F-5 zikaenda vitani.

Sasa niambie: mchakazaji atachora nini kati ya hayo?

Atachora jua la ikweta, na atalichora vizuri. Atachora chuma kilichobadilika rangi kwa joto nyuma ya ndege, karibu na midomo ya injini, ule ubluu na dhahabu ya kahawia ambao ni raha kuupata kwa rangi. Ndege ya kutoka Jordan anaweza kuipa viraka pale alama za mwenye zamani zilipofutwa, na mimi ningempa pongezi, kwa sababu kiraka hicho ni biashara nzima iliyoandikwa kwenye ngozi. Lakini 1982 haina doa. Uamuzi wa rubani wa kupeleka bomu msituni badala ya mjini, ambao huenda ndio uamuzi mkubwa kuliko yote ambayo F-5 ya Kenya imeshuhudia, haukuacha hata mkwaruzo.

*

Hapa ndipo nafika kwenye masizi.

Mizinga ya F-5 ikifyatuliwa, gesi na baruti hutoka puani na kuburutwa nyuma na upepo, na inabaki alama nyeusi inayofifia kuelekea kioo cha rubani. Ni doa tamu kulichora. Unga mweusi kidogo kwenye brashi laini, unavuta mara mbili, na ghafla plastiki ina uzito. Karibu kila F-5 niliyoipenda ilikuwa na masizi hayo. Na karibu kila mara, mwenyewe alipoandika alivyotengeneza, alitaja aina ya unga na chapa ya chupa, basi.

Lakini lisome doa hilo jinsi tulivyosoma mengine. Mafuta yaliyoburutwa nyuma yanasema: ilivuja angani. Alama ya kiatu inasema: fundi alipandia hapa. Masizi ya mzinga yanasema: risasi zilitoka. Na risasi ikitoka, inakwenda mahali. Madoa mengine yote ya ndege yanatuambia dunia iliifanyia ndege nini. Doa hili peke yake linatuambia ndege iliifanyia dunia nini. Huenda ilikuwa shabaha ya mazoezi, mbao na turubai nyikani. Huenda hapana. Mchora masizi aliyekuwa mkali sana kuhusu kutu ya alumini, anayeweza kukesha akibishana kuhusu kivuli cha kijivu, hapa ghafla hana swali hata moja.

Na masizi ndiyo mkweli wa kundi. Bomu haliachi chochote. Ndege ikidondosha bomu inarudi nyumbani ikiwa nyepesi, na rangi yake haina habari. Tarehe 30 Oktoba 2011, ndege za Kenya ziliushambulia mji wa Jilib kusini mwa Somalia. Madaktari wa Médecins Sans Frontières walisema walipokea makumi ya majeruhi kutoka kambi ya watu waliokimbia makwao, wengi wao watoto, na kwamba kulikuwa na waliokufa. Jeshi la Kenya lilisema lilipiga kambi ya al-Shabaab. Mimi siwezi kuamua kesi hiyo kutoka kwenye meza yangu. Ninachoweza kusema kama mhakiki ni kwamba ukiiweka mbele yangu modeli ya ndege iliyokuwa Jilib siku hiyo, iliyochakazwa na fundi bora duniani, kila doa likiwa mahali pake, hakuna hata moja litakalonipeleka Jilib. Sanaa inayojisifu kwamba inasoma ushahidi inaishia kwenye ngozi ya ndege.

Kinachobaki ni kile kining'inizo kitupu chini ya bawa, bomu likiwa limetoka. Na angalia: modeli nyingi hazinavyo vitupu. Boksi huja na silaha, na watu hutundika zote, kwa sababu tumelipia. Kwa hivyo unapata ndege yenye masizi mazito puani, ishara kwamba imetoka vitani, na mabomu yote chini ya bawa, ishara kwamba haijaenda. Si kwamba haiwezekani. Huenda ilipiga jana, leo imepakiwa tena. Lakini muulize mwenyewe kama aliwahi kulifikiria. Jibu ni lilelile: inapendeza.

*

Najua mtakachoniambia, kwa sababu nimeambiwa tayari. Kwamba modeli si mahakama. Kwamba mtu anaunda ndege akipumzika baada ya kazi, hataki mhadhara. Kwamba tunapenda mashine, hatupendi vita. Hoja hizi siziziki haraka. Kuna mapenzi ya kweli kwa mashine, na F-5 ni mashine nzuri, nyembamba, isiyo na mafuta mwilini. Aliyechora mwili huo alijua kitu kuhusu upepo ambacho wewe na mimi hatutakijua.

Ila mpenda mashine mtupu angeiacha safi. Ndege iliyotoka kiwandani ndiyo mashine peke yake. Siku ulipochukua brashi ukaongeza doa la kwanza, ulikubali kwamba ndege ina maisha, na maisha ya ndege ya kivita ni hayo. Huwezi kuomba usomaji wa fasihi kwenye alama ya kiatu halafu ukaomba usomaji wa katalogi kwenye masizi. Na tusijidanganye kwamba ni suala la adabu tu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hobi yetu imekuwa na adabu nyingi sana kwa wale ambao ndege ilikuwa juu yao, kwa maana kwamba haijawahi kuwataja.

Wapo waliojaribu. Mandhari za Paine zilifanya kazi kwa sababu hazikuogopa kuweka matokeo kwenye fremu moja na chombo. Wachoraji wa vifaru, kusema ukweli, wametutangulia sisi wa ndege: kifaru hupigana kikiwa mtaani, kwa hivyo nyumba iliyobomoka inaingia yenyewe kwenye kibao. Ndege ina bahati mbaya ya kuwa mbali. Inafanya jambo lake kilomita mia kadhaa kutoka inakolala, halafu inarudi kuoshwa. Ugumu huo ni wa kisanaa, si wa kimaadili pekee. Unawezaje kuonyesha kitu ambacho mhusika wako amekifanya akiwa nje ya jukwaa? Waandishi wa tamthilia wamelijua tatizo hili tangu zamani, na hulitatua kwa mjumbe anayeingia na habari.

Pendekezo langu ni dogo. Kwenye mashindano, waamuzi huanza na misingi: maungio, mpangilio wa mabawa, stika zisizo na mapovu. Halafu kando ya modeli huwa kuna kadi yenye jina la ndege, chapa ya boksi na rangi zilizotumika. Ongezeni mstari mmoja kwenye kadi hiyo: mahali na tarehe. F-5E, Nanyuki, siku gani, imetoka wapi. Huyo ndiye mjumbe wetu. Mchakazaji akiweza kuujaza mstari huo, kila doa litapata mahali pa kusimama, na mtazamaji atajua macho yake yaende wapi yakishamaliza kushangaa. Kama ni mazoezi, aandike mazoezi. Kama ni Somalia, aandike Somalia, na avitoe vile alivyovitundika chini ya bawa ambavyo ndege haikurudi navyo.

Na kama hawezi kuujaza, ayafute masizi. Pamba kidogo, tapentaini kidogo, dakika mbili. Ndege itabaki na jua lake, na mafuta yake, na viatu vya fundi wake, na hayo yanatosha kuifanya kazi nzuri.